Sanduku la Agano: nani aliliona mara ya mwisho?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanakwaya, mama wa watoto watatu, naishi Iringa. Tangu Pasaka kwenye kundi letu la maombi la WhatsApp inazunguka video ya Mmarekani anayesema alilikuta Sanduku la Agano pangoni, chini ya mahali aliposulubiwa Yesu, na damu ya Yesu imekaukia juu ya kiti cha rehema. Wanasema damu ilipimwa maabara ikaonekana bado hai, ina kromosomu 24. Tena kuna mtumishi anayetutembelea, anaandikisha safari ya Aksum, Ethiopia, 'kuliona Sanduku kwa macho'. Kianzio ni laki nne, na anasema atakayegusa kitambaa kinacholifunika atapokea uponyaji. Mwanangu wa pili ana kifafa, ndiyo maana nimeshatoa laki moja. Mume wangu anasema ni utapeli mtupu, Wababeli waliliyeyusha zamani. Jirani yangu Mwislamu anasema hata Kurani inalitaja, kwamba malaika walilibeba. Nimechanganyikiwa. Kama Mungu aliwaua waliolichungulia, alikubalije lipotee? Na hiyo laki tatu iliyobaki, nimalizie?"

Marahaba, mama. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye tarehe ya malipo: usimalizie. Sisemi hivyo kwa kuwa nimethibitisha kwamba Aksum hakuna kitu. Hata kama Waethiopia wana Sanduku lenyewe, lile la Musa, ahadi uliyopewa haitimiziki. Kwa desturi ya Kanisa la Tewahedo, yaani Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, kikanisa kinachosemwa kulihifadhi huingiwa na mtawa mmoja tu, mlinzi, ambaye huteuliwa kwa maisha yake yote na hatoki tena nje ya uzio. Waumini hawaingii, watalii hawaingii. Hakuna kitambaa cha kugusa. Na wewe mama, hata kanisa la zamani lililo jirani, lile la karne ya 17, usingeliingia, kwa sababu wanawake hawaruhusiwi. Ungeishia kanisa jipya alilolijenga Haile Selassie. Anayekuandikisha ama hajawahi kufika Aksum, ama amefika na anajua fika anachokuficha.

Hayo ya pesa tutayarudia. Kwanza tukae tulitazame Sanduku lenyewe, lile kasha takatifu la Waisraeli lililowekwa mbao za mawe zenye amri alizopewa Musa, maana nyumbani kwako mna maoni manne kulihusu, na kila moja lina punje ya kweli iliyochanganywa na pumba.

Watu wengi wakilifikiria huona kitu kikubwa kama jeneza la mfalme. Kutoka 25 inatoa vipimo: dhiraa 2 na nusu urefu, dhiraa 1 na nusu upana, dhiraa 1 na nusu kwenda juu. Kwa dhiraa ya kawaida hiyo ni kama mita 1.1 kwa sentimita 67. Kama umewahi kuona kasha la Kizanzibari lenye misumari ya shaba, umeona ukubwa wenyewe. Lilikuwa la mti wa mshita, limefunikwa dhahabu ndani na nje, lina pete nne na miti miwili ya kulibebea mabegani. Masanduku ya namna hiyo yalijulikana Misri: katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, limetoka kasha la mbao lililopakwa dhahabu, lina miti ya kubebea, na juu yake amelala mungu Anubi. Lile limesalia kwa sababu Bonde la Wafalme ni kavu kama kaango. Yerusalemu hunyesha kila kipupwe. Shika jambo hilo, mama: tunatafuta mbao, na mbao huoza; na tunatafuta dhahabu, ambayo haiozi, ila huyeyushwa.

Mtu akipotea kijijini hatuanzi kwa kuuliza nani ameota ndoto juu yake. Tunauliza nani alimwona mara ya mwisho, wapi, lini. Sanduku nalo tulifanyie hivyo.

Tunaliona likiingizwa Patakatifu pa Patakatifu siku Sulemani alipoweka hekalu wakfu, 1 Wafalme 8, na mwandishi anatuambia ndani hamkuwa na kitu ila zile mbao mbili za mawe. (Kopo la mana na fimbo ya Haruni yamo katika Waebrania 9. Nayataja ili usishangae mtu akikuonyesha aya hizo mbili kana kwamba zinagombana; zinaeleza vipindi tofauti, au mapokeo tofauti, na wasomi hawajaafikiana.) Baada ya hapo ni kimya. Wafalme wanakuja na kuondoka, hekalu linakarabatiwa, linaporwa, linanajisiwa, linatakaswa, na Sanduku halitajwi. Zaidi ya miaka 300 baadaye, katika mwaka wa 18 wa mfalme Yosia, yaani yapata 622 KK, 2 Nyakati 35:3 inasema mfalme aliwaagiza Walawi waliweke Sanduku takatifu nyumbani mwa Bwana, wasiwe tena na mzigo mabegani. Aya ya ajabu hiyo. Kama lilikuwa hekaluni siku zote, kwa nini liagizwe kurudishwa? Wengine husema Manase, babu yake Yosia, aliyeingiza sanamu ya Ashera hekaluni, ndiye aliyeliondoa, au makuhani walilitoa ili lisikae chumba kimoja na sanamu. Inawezekana. Wengine hukumbusha kwamba vitabu vya Nyakati viliandikwa baada ya uhamisho wa Babeli, na kitabu cha Wafalme kinapoisimulia Pasaka hiyohiyo ya Yosia hakisemi neno juu ya Sanduku. Mimi naegemea upande wa tahadhari: aya hiyo ni ya kuheshimiwa, lakini si shahidi aliyesimama pale akaona.

Kisha Wababeli wanakuja. Hapa ndipo mumeo anaposimama, na hajasimama pabaya. Mwaka 597 KK, 2 Wafalme 24:13 inasema Nebukadreza alivikata vipande vyombo vyote vya dhahabu alivyovifanya Sulemani hekaluni. Mwaka 586 jiji likachomwa, na sura ya 25 inatoa orodha ya mateka: nguzo za shaba, bahari ya shaba, masufuria, majembe, makasi, miiko, vyetezo. Karani yule alihesabu hata makasi ya kukatia tambi. Sanduku hakulitaja. Yeremia 52 inarudia orodha, Sanduku halimo. Ezra 1 inahesabu vyombo vilivyorudishwa kutoka Babeli, jumla 5,400, Sanduku halimo. Kwa hiyo mumeo anaposema "Wababeli waliliyeyusha", anasema jambo linaloelekea kuwa kweli kana kwamba limeandikwa. Halikuandikwa. Kinachoandikwa ni kutokuwepo kwake.

Na huenda Wababeli walikuta limeshaondoka. Katika mwaka wa tano wa Rehoboamu, mwana wa Sulemani, Shishaki wa Misri alipanda Yerusalemu akachukua hazina za nyumba ya Bwana. 1 Wafalme 14:26 inasema "akavichukua vyote". Baadaye Yoashi wa Israeli naye akapora. Tena si maadui tu. Hekalu lilikuwa pia benki ya mfalme: Asa alitoa dhahabu yake kununua msaada wa Shamu, na Hezekia, yule mwema tunayemsifu kila Jumapili, alibandua dhahabu milangoni mwa hekalu ili kulipa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu alizotozwa na mfalme wa Ashuru. Ukiona mfalme mcha Mungu anabandua milango, unaelewa jinsi dhahabu takatifu inavyotoweka bila mwizi kuvunja dirisha.

Hapa kuna kosa moja ambalo nimelisikia mimbarani mara nyingi mno, na huenda nawe unalo: kwamba pazia lilipopasuka Ijumaa Kuu, nyuma yake Sanduku likaonekana. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Hekalu la pili, lililojengwa baada ya uhamisho, halikuwa na Sanduku kamwe. Pompeo, jemadari wa Rumi, alipoingia mle mwaka 63 KK, mwanahistoria wa Kirumi Tacitus aliandika kwamba alikuta mahali patupu. Yosefo, kuhani wa Kiyahudi aliyeliona hekalu hilo likiwa bado limesimama, anasema Patakatifu pa Patakatifu hapakuwa na chochote. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inaeleza kwamba baada ya Sanduku kuondolewa palibaki jiwe lililoinuka vidole vitatu tu juu ya sakafu, na siku ya Upatanisho kuhani mkuu aliweka chetezo cha uvumba juu ya jiwe hilo. Ndiyo maana kwenye tao la Tito kule Rumi, lenye picha ya mateka ya mwaka 70 BK, utaona kinara cha taa, meza ya mikate na tarumbeta, lakini hutaona Sanduku. Warumi hawakulikosa kwa bahati mbaya. Lilikuwa limetoweka zaidi ya miaka 650 kabla yao.

Sasa, panapokuwa na kimya kirefu hivyo, watu hukijaza. Nadharia zote utakazokutana nazo zimeota katika pengo hilohilo, na ukitazama vizuri, kila moja imezuka wakati kuna mtu aliyekuwa anaihitaji.

Ya kwanza ni kwamba Yeremia alilificha. Hii iko katika 2 Wamakabayo sura ya 2, kitabu ambacho Wakatoliki wanacho na Biblia yako ya Union Version haina. Nabii anapeleka hema, Sanduku na madhabahu ya uvumba kwenye mlima alioupanda Musa kuitazama nchi, anaziba mlango wa pango. Wafuasi wake wanajaribu kuiweka njia alama, wanashindwa, naye anawakemea: mahali hapo patabaki pasijulikane mpaka Mungu atakapowakusanya watu wake. Ni simulizi zuri sana. Lakini liliandikwa miaka zaidi ya 400 baada ya Yeremia, kwa Wayahudi waliokuwa wametoka kulitakasa hekalu lao na wakijiuliza kwa nini chumba cha ndani ni kitupu. Marabi nao hawakukubaliana. Katika Talmudi, kitabu cha mijadala yao, mmoja anasema lilikwenda Babeli, mwingine anasema Yosia alilificha, mwingine anasema liko chini ya ghala la kuni la hekalu, na kwamba kuhani mmoja aliona jiwe la sakafu halifanani na mengine, akaenda kumwambia mwenzake, akafa kabla hajamaliza sentensi. Kama watu wale, waliokuwa karibu na jambo hili kuliko sisi kwa karne nyingi, walibishana, mimi na wewe tusione aibu kutokuwa na uhakika.

Wazo la kwamba liko chini ya mlima wa hekalu limeleta fujo kweli. Kati ya 1909 na 1911 Mwingereza Montagu Parker, akiongozwa na Mfini mmoja aliyedai ameona maandishi ya siri ndani ya kitabu cha Ezekieli, alichimba mahandaki karibu na chemchemi ya Gihoni. Alipokosa, Aprili 1911 aliwahonga walinzi, akaingia usiku na majembe hadi ndani ya Kuba ya Mwamba, jengo takatifu la Waislamu juu ya mlima wa hekalu. Wakafumaniwa. Mji ukalipuka kwa hasira, nao wakakimbilia Yafa na kutoroka kwa mashua yao ya kifahari. Faida pekee ya uchimbaji ule ni kwamba padri Mdominika, Louis-Hugues Vincent, aliruhusiwa kuchora mahandaki ya kale ya maji, na michoro yake bado inatumika. Mwaka 1981 rabi aliyesimamia Ukuta wa Magharibi alifungua njia iliyozibwa, akiamini inaelekea chini ya Patakatifu pa Patakatifu. Ngumi zilipigwa mle chini kati ya Waislamu na Wayahudi, na serikali ikaziba kwa zege. Kwa hiyo mtu akikwambia "wanaakiolojia wanajua liko pale ila wanaficha", mjibu kwamba hakuna mwanaakiolojia anayeruhusiwa kuchimba pale, na sababu yake ni amani ya mji. Wenye taaluma wanachimba kwingine. Tangu 2017 timu ya Israel Finkelstein na Thomas Römer imechimba Kiriath-yearimu, mahali Sanduku lilipokaa miaka 20 kabla ya Daudi. Wamepata kuta kubwa za jukwaa wanazoziweka karne ya 8 KK. Sanduku hawakulitafuta, walitaka kujua kwa nini mahali pale palikuwa patakatifu.

(Waingereza wengine, walioamini kwamba wao ndio makabila kumi yaliyopotea, waliuchimba mlima wa Tara, Ireland, kati ya 1899 na 1902. Wakaharibu eneo la kale la watu na kuondoka mikono mitupu. Basi.)

Tuje Aksum, maana huko ndiko pesa yako inakotaka kwenda, na ndiko ninakotaka kusema kwa heshima zaidi. Nimewahi kusimama nje ya uzio ule asubuhi, kati ya akina mama waliojitanda shuka nyeupe wakibusu mawe ya ukuta, na sikucheka wala sitacheka. Msingi wao ni Kebra Nagast, Utukufu wa Wafalme, kitabu kilichotungwa kwa Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, mwanzoni mwa karne ya 14. Kinasimulia kwamba Malkia wa Sheba, Makeda, alizaa na Sulemani mtoto aitwaye Menelik. Kijana alipokwenda kumwona baba yake, Azaria mwana wa kuhani Sadoki akalitwaa Sanduku usiku na kuliacha la kuiga mahali pake, nao wakasafiri nalo hadi Ethiopia kwa mapenzi ya Mungu mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 13, kabla ya Kebra Nagast, mwandishi mmoja wa Misri alikwisha kuandika kwamba Wahabeshi wana Sanduku la Agano. Kwa hiyo imani hiyo si ya kubuniwa jana.

Lakini historia inauliza maswali magumu. Sulemani aliishi karne ya 10 KK. Aksum kama dola inaonekana takribani karne ya kwanza BK, na mfalme wake Ezana akawa Mkristo karne ya 4. Kati ya Sulemani na Ezana ni zaidi ya miaka 1,200, na katika maandishi na sarafu nyingi za Aksum hakuna anayejivunia Sanduku. Sheba ya Biblia wasomi wengi huiweka Yemeni, kwa Wasabai. Na Kebra Nagast kimetokea lini? Miongo michache baada ya 1270, Yekuno Amlak alipotwaa kiti cha enzi cha Ethiopia na ukoo wake kujitangaza kuwa uzao wa Sulemani. Ukoo uliotaka uhalali ukapata kitabu cha kuuthibitisha, na kitabu hicho kikawafaa wafalme hadi 1974.

Basi kuna nini ndani? Edward Ullendorff, aliyekuwa afisa wa jeshi la Uingereza kule mwaka 1941 na baadaye profesa wa London, alisema mwaka 1992 kwamba aliingia, akaona kasha la mbao, tupu, la mtindo wa zama za kati. Mwaka 2009 vyombo vya habari vilitangaza kwamba Patriaki Paulos, mkuu wa Kanisa la Ethiopia, akiwa Italia, angelifunua Sanduku kwa ulimwengu. Halikufunuliwa. Mimi nadhani jibu linaanzia kwenye neno lenyewe. Kila kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia lina tabot, ubao au jiwe linalowakilisha zile mbao za Musa, na bila hilo jengo si kanisa. Siku ya Timkat, kila Januari, tabot hutolewa zimefunikwa vitambaa vya thamani, mapadri wakizibeba vichwani, na hakuna macho ya mlei yanayoziona. Nashuku kwamba "kitambaa" cha mtumishi wako kimezaliwa na picha za maandamano hayo. Heshima ya Waethiopia kwa tabot ni ya kweli kabisa. Waingereza walipopora ngome ya Maqdala mwaka 1868 walichukua kadhaa. 11 ziko hadi leo katika British Museum, kwenye chumba kilichofungwa ambacho hata wafanyakazi wa makumbusho hawaingii. Moja ilikutwa kabatini katika kanisa la Edinburgh ikarudishwa 2002, na Addis Ababa ilijaa watu kuipokea. Na mwishoni mwa Novemba 2020, mkesha wa sikukuu kubwa ya Maryam Tsion, mamia ya raia waliuawa Aksum katika vita vya Tigray. Amnesty International na tume ya haki za binadamu ya Ethiopia waliandika habari zake. Mji uliopitia hayo usigeuzwe chambo cha kuchangisha akina mama wa Iringa.

Kuna nadharia moja iliyo karibu zaidi na nyumbani, nayo naipenda ingawa siiamini. Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini wana simulizi ya kitu kitakatifu kiitwacho ngoma lungundu, kilichobebwa kwa miti, kisichogusa ardhi, kinachonguruma na kuwaangusha maadui. Sisi hatuhitaji mkalimani wa neno ngoma. Mwingereza Tudor Parfitt aliikuta ngoma hiyo, au iliyorithi jina lake, katika stoo ya makumbusho ya Harare mwaka 2007, akaandika kwamba ndiyo mrithi wa Sanduku. Mbao zake zilipopimwa kwa kaboni zikatoa umri wa takribani mwaka 1350 BK. Ni ya kale sana kwa kitu cha mbao katika nchi zetu, lakini ni changa kwa Sulemani kwa zaidi ya miaka 2,200. Parfitt husema ilitengenezwa kutoka ile iliyotangulia. Huenda. Ila chombo kitakatifu cha utawala kinachobebwa mbele ya watu si lazima kitoke Yerusalemu: Wanyarwanda walikuwa na Karinga, Warundi na Karyenda, watu wa Pate na Lamu na siwa zao.

Sasa video. Huyo ni Ron Wyatt, muuguzi wa dawa za usingizi kutoka Tennessee, aliyefariki 1999. Alidai aliliona Sanduku Januari 1982. Alidai pia amepata safina ya Nuhu na magurudumu ya magari ya Farao katika Bahari ya Shamu. Mtu mmoja, muda wa ziada tu, amevumbua yote hayo. Hakuacha picha inayoonekana kitu, hakuna maabara iliyochapisha kipimo, na wasomi wa kanisa lake mwenyewe, la Waadventista Wasabato, walimpinga hadharani. Kama kundini kwenu wapo Wasabato, wanaweza kukuambia kwamba Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa lao, aliandika kuwa waadilifu walilificha Sanduku pangoni kabla ya Babeli. Ni kweli aliandika hivyo. Hakusema pango hilo liko chini ya Golgotha, wala hakumtabiri Wyatt.

Kuhusu kromosomu, nivumilie kidogo. Mtu ana kromosomu 46, 23 za mama na 23 za baba. Dai la 24 linataka kusema: 23 za Mariamu na moja tu ya kumfanya mwanaume. Ili kuhesabu kromosomu maabara huhitaji seli nyeupe zilizo hai, huzikuza kwa siku kama tatu, huzisimamisha katikati ya kugawanyika, huzipaka rangi na kuzitazama kwa hadubini. Damu iliyokauka miaka 2,000 haina seli ya kugawanyika. Na kama ingekuwa hai, hiyo isingekuwa habari ya kundi la WhatsApp la Iringa. Ingekuwa habari ya kwanza ya kila gazeti duniani. Ongeza la kiimani: Waebrania 2:17 inasema ilimpasa kufananishwa na ndugu zake katika mambo yote. Mtu mwenye kromosomu 24 hafanani nasi hata kidogo. Video hiyo inadhani inamtukuza Kristo, kumbe inamwondoa katika ubinadamu.

Jirani yako amesema kweli, ila aya ameihamisha mahali. Kurani 2:248 inalitaja Tabut, kuwa ndani yake mna utulivu utokao kwa Mola na masalio ya watu wa Musa na wa Harun, na kwamba malaika hulibeba. Lakini aya inazungumzia kurejea kwake kuwa alama ya ufalme wa Taluti, ambaye sisi tunamwita Sauli. Ni habari ya 1 Samweli, karne nyingi kabla ya kupotea. Neno lenyewe Tabut na lile tabot la Kiethiopia ni ndugu wa tumbo moja. Mweleze, naamini atafurahi.

Lile swali lako la ndani: alikubalije lipotee? Mama, alikwisha kukubali mara moja. Rudi 1 Samweli 4. Israeli wameshindwa vitani, wanasema tulilete Sanduku kutoka Shilo lituokoe, wanapiga kelele hadi nchi inatikisika. Siku hiyo wanaanguka askari 30,000 na Sanduku linatekwa. Walilibeba kama hirizi, likawafaa kama hirizi inavyofaa. Mungu hakuhitaji ulinzi wao: Wafilisti walilirudisha wenyewe baada ya miezi saba, wakiwa na majipu. Yule Hezekia alivunja nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa mwenyewe, kwa kuwa watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Na Yeremia 3:16 inatabiri siku ambazo watu hawatasema tena "Sanduku la agano la Bwana", wala halitaingia moyoni, wala hawatalikumbuka, wala halitatengenezwa tena. Kama kuna nabii aliyejua lilikokwenda ni huyo, na neno alilotuachia si ramani.

Ukinibana niseme ninachoamini kilitokea: nadhani dhahabu yake iliishia katika tanuri la mtu, ama la Mbabeli ama la mfalme wa Yuda aliyebanwa na deni, na mbao zikaoza au kuungua mwaka 586. Nadhani. Siwezi kulisimamia mahakamani.

Sasa ya nyumbani. Mwandikie mtumishi huyo kwa ujumbe wa simu, si kwa mdomo, umwombe laki yako moja, na umuulize mambo matatu: kampuni gani ya safari iliyosajiliwa inaandaa, tarehe na ratiba ni ipi, na nani Aksum amewaruhusu kuingia. Hifadhi ujumbe wa muamala. Mpelekee mchungaji wako na wazee wa kanisa habari hii ana kwa ana wiki hii, kwa sababu si wewe peke yako uliyechangia. Akizungushazungusha, nendeni kituo cha polisi mkiwa wengi na simu zenu mkononi.

Na mwanao. Mimi si daktari, lakini uliliweka katikati ya barua kama jambo dogo na naona ndilo lililokufanya uandike. Asiache dawa hata siku moja kwa ajili ya kitambaa cha mtu yeyote. Dawa za kifafa zikikatizwa ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu zaidi. Kama bado anaanguka ingawa anameza dawa, mrudishe kliniki ya hospitali ya mkoa waangalie kipimo cha dawa, na uwe umeandika tarehe na muda wa kila mara alipoanguka. Akianguka nyumbani mlaze ubavu, msogeze mbali na moto, usimtie kijiko mdomoni. Muombee, sana. Hiyo laki tatu ni nauli ya kliniki na dawa za miezi kadhaa.

Mtumishi akikujibu kwa maandishi, nitumie nilisome jibu lake.